Nafasi Nyeupe Kati ya Picha Mbili
Mhadhara uliotolewa Bujumbura



Nimeombwa nizungumze juu ya mashabiki. Nakusudia wale ambao wakisikia kwamba kitabu cha katuni walichokipenda kinatengenezewa filamu, usingizi unawaruka. Wanahesabu miezi. Kionjo cha dakika mbili wanakitazama mara ishirini, wanakisimamisha hapa na pale, wanabishana juu ya rangi ya koti au urefu wa nywele. Na kama hadithi yenyewe ni ya sayansi ya kubuni, ya vyombo vya angani na sayari za mbali, ubishi unazidi, maana hakuna aliyewahi kufika huko akasema ukweli ni upi. Watu wazima wengi huwaona hawa kama watoto waliogoma kukua. Mimi nimekuja kuwatetea, na utetezi wangu unaanzia Buyenzi, mtaa wa hapa Bujumbura, kwenye kitabu kilichopungukiwa kurasa.

Tulipokuwa wadogo kaka yangu alileta nyumbani bede moja, kama tunavyoviita vitabu vya katuni hapa kwetu. Ilikuwa hadithi ya Tintin ya safari ya mwezini, kazi ya Mbelgiji Hergé. Jalada halikuwepo. Mgongo wa kitabu ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa viatu, na pembe za kurasa zilikuwa laini kama kitambaa kwa kushikwa na mikono mingi kabla ya yetu. Lakini ndani mlikuwa na roketi ya miraba myekundu na myeupe, imesimama wima, na sisi tuliokuwa hatujapanda hata ndege tuliijua roketi ile kuliko tulivyoijua nyumba ya jirani. Hergé aliitoa hadithi hiyo katika vitabu viwili, 1953 na 1954. Mwanadamu wa kweli alikanyaga mwezi Julai 1969. Karatasi ilitangulia kwa miaka 15.

Kaka yangu alikuwa na Kifaransa cha shule. Sisi wadogo hatukuwa nacho. Basi alikuwa anasoma kimyakimya kwanza, kisha anatusimulia kwa Kiswahili, kidole chake kikitembea kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Kapteni Haddock akikasirika, hasira zake zilikuwa hasira za mzee mmoja wa avenyu yetu. Profesa alikuwa na sauti ya maalimu wetu wa chuoni. Jioni zote tulizokaa chini ya taa, kitabu kile kilikuwa kikigeuzwa filamu mbele yetu, na mwongozaji alikuwa na miaka 14.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Kwenye safari ya kurudi duniani, hewa inapungua ndani ya roketi. Mmoja wa wasafiri, Wolff, aliyekuwa amewasaliti wenzake, anaacha barua na kujitupa nje angani ili hewa iliyobaki iwatoshe wengine. Wengine wanaanza kuzimia. Na hapo kitabu chetu kikaisha. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika zamani, mahali fulani, mkononi mwa mtu tusiyemjua.

Tulifanyaje? Tulimaliza wenyewe. Mwisho wetu ulikuwa hivi: roketi inaangukia Ziwa Tanganyika usiku, ng'ambo ya Gatumba, saa ile wavuvi wa ndagala wako majini na karabai zao. Kapteni anazinduka, anatazama kupitia kioo, anaona mataa yametapakaa gizani, anadhani bado yuko angani kati ya nyota. Kisha mtu anagonga kioo kwa kafi na kuuliza kwa Kiswahili kama humo ndani kuna mtu. Miaka mingi baadaye nilipata kitabu kizima, chenye jalada lake na kurasa zake zote. Nikasoma mwisho wa Hergé. Ni mwisho mzuri, umechorwa kwa ustadi. Nilikifunga kitabu kwa huzuni, kama mtu aliyeuziwa nyumba yake mwenyewe.

Huzuni ile ndiyo ya shabiki, na hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Fungueni bede yoyote. Kisanduku cha kwanza: mkono umeshika kitasa. Kisanduku cha pili: chumba, na mtu amesimama katikati. Nani aliufungua mlango? Mchoraji hakuuchora ukifunguka. Kati ya picha hizo mbili kuna ufito mweupe, upana wa nusu kidole, hauna wino hata tone. Mlango ulifunguka mle, na aliyeufungua ni wewe. Wewe uliamua kama mlango ulilia au ulikaa kimya, kama aliyeingia alisita au alipita moja kwa moja. Vivyo hivyo sauti. Puto lina maneno, lakini halina sauti. Kila msomaji anaikopesha kutoka kwa watu anaowajua. Kitabu cha katuni, kwa hiyo, ni kazi ya watu wawili: mchoraji anajaza visanduku, msomaji anajaza nafasi nyeupe. Nafasi ile ni mali ya msomaji.

Filamu inapokuja inazijaza zote. Picha 24 kwa sekunde, hakuna ufito uliobaki. Mlango unafunguka mara moja, kwa namna moja, kwa watu wote. Ndiyo maana shabiki anasubiri kwa furaha iliyochanganyika na hofu. Filamu ya hadithi hii anayo tayari, ameitazama kichwani miaka mingi. Anachongoja ni kujua kama ile ya kwenye skrini itaiheshimu ya kwake au itaifuta. Mtu mwenye kiwanja huhangaika hivyohivyo akisikia wapimaji wa ardhi wanakuja.

Chukueni mfano wa Valérian. Pierre Christin aliandika, Jean-Claude Mézières akachora, na hadithi ikaanza kutoka katika jarida la Pilote Novemba 1967: kijana na msichana, Valérian na Laureline, mawakala wanaosafiri katika anga na katika wakati. Walioisoma, katika maktaba za Ufaransa na Ubelgiji na hata katika maktaba za miji yetu hii inayosoma Kifaransa, walijua kwamba mwenye akili kati ya wale wawili ni Laureline. Luc Besson alikuwa mmoja wa wasomaji hao tangu utotoni. Alipotengeneza The Fifth Element, filamu ya 1997, alimwita Mézières mwenyewe amsaidie kubuni mji wa siku zijazo, na Mézières akamuuliza kwa nini asiitengeneze Valérian yenyewe. Jibu lilichukua miaka 20. Filamu ilitoka 2017, kwa gharama ya karibu yuro milioni 197, kiasi ambacho sinema ya Ulaya ilikuwa haijawahi kukitumia kwa filamu moja.

Na mashabiki? Walilalamika tangu jina lilipotangazwa. Mfululizo wa vitabu ulikuwa umebadilishwa jina 2007 ili Laureline atajwe pamoja na mwenzake, filamu ikaja ikamwondoa katika jina. Walisema waigizaji ni wachanga mno. Walisema mengi. Nami nilipoitazama, niliona katika soko la filamu ile na katika viumbe wake mkono wa Mézières umeheshimiwa kwa mapenzi ya kweli. Kisha wale wawili wakafungua midomo, na sauti hazikuwa zao. Besson alisoma kitabu kilekile tulichosoma, lakini nafasi zake nyeupe alikuwa amezijaza kwa watu wake. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Ila malalamiko yalikuwa halali, maana yalitoka kwa washiriki wa kazi.

Kuna njia nyingine. Bong Joon-ho wa Korea Kusini aliingia duka la vitabu vya katuni huko Seoul, akakishika kitabu cha Kifaransa cha Jacques Lob na Jean-Marc Rochette, hadithi ya treni ya mabehewa 1,001 inayozunguka dunia iliyoganda kwa baridi, maskini wakiwa nyuma na matajiri mbele. Alikisoma chote amesimama palepale dukani. Filamu yake, Snowpiercer, ilitoka 2013. Aliibakiza treni, akawabadilisha abiria karibu wote. Waliokipenda kitabu wangeweza kukasirika zaidi kuliko wa Valérian, lakini wengi hawakukasirika. Naamini sababu ni kwamba Bong hakujifanya anawaonyesha treni waliyoiona wao. Aliwaonyesha wazi treni aliyoiona yeye, amesimama dukani. Na Rochette mwenyewe alialikwa: michoro anayochora mhusika mmoja mchoraji ndani ya filamu ni ya mkono wa Rochette.

Tena wengine wanasubiri muda mrefu mpaka kusubiri kunakuwa sehemu ya maisha. Filamu ya Tintin ya Spielberg ilitoka 2011, na ya pili ilikuwa iongozwe na Peter Jackson; wasomaji wa Hergé wanaingoja. Alejandro Jodorowsky alishindwa kuitengeneza filamu ya Dune katika miaka ya 1970, akachukua ndoto zilizobaki akaandika The Incal, Moebius akaichora kuanzia 1980. Yaani filamu iliyokufa ikazaa katuni. Mwaka 2021 ikatangazwa kwamba Taika Waititi ataigeuza katuni hiyo kuwa filamu, na wapenzi wake wakaanza kungoja upya.

Lakini nimesema nitawatetea mashabiki kuanzia Buyenzi, na mnaweza kuniuliza: haya ya Paris na Seoul yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kwanza kwa sababu sisi wa ukanda huu tuna desturi yetu ya zamani ya kuirudisha nafasi nyeupe mahali ambapo filamu imeizima. Mnawajua wasimulizi wa vibanda vya video. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, Kampala ina maviijei wake, na hapa Bujumbura kila aliyekaa kibandani anazijua filamu za agasobanuye zinazotoka Rwanda. Msimulizi anapunguza sauti ya filamu, anaingiza yake. Anampa mwigizaji jina la mtaani, anaeleza anachofikiri, anamkaripia, anamhurumia. Wenyewe Dar es Salaam huifananisha kazi hiyo na kuugeuza wali kuwa pilau. Kaka yangu na kidole chake alikuwa wa ukoo huo. Waliosema watazamaji wa vibandani hawana adabu kwa kuwa wanazungumza na skrini hawakuelewa wanachokiona: watu wale wanadai fungu lao la kazi.

Yanatuhusu pili kwa sababu ya Kisumu. Tarehe 13 Februari 2018 filamu ya Black Panther ilionyeshwa Kisumu, Kenya, siku chache kabla ya kuingia katika sinema za Marekani, kwa heshima ya Lupita Nyong'o, mmoja wa waigizaji wake, ambaye nyumbani kwao ni pale. Watu walikuja wamevaa kama wanaokwenda harusini. Yule shujaa alikuwa amebuniwa 1966 na Stan Lee na Jack Kirby, watu wawili wa New York, katika toleo la 52 la Fantastic Four. Wengi wa waliojaa ukumbini Kisumu hawakuwahi kulishika toleo hilo. Walikuwa wanangoja nini basi? Walikuwa wanangoja nafasi ambayo ilikuwa tupu kwa muda mrefu zaidi ya ufito wowote wa kitabu: Mwafrika mwenye mashine za kesho mkononi. Walikuwa wamezoea vitabu vya aina ya kile Hergé alichochora 1930 na 1931 juu ya Kongo, ambamo jirani zetu wamechorwa kama watoto wasiojua kufikiri. Nampenda Hergé wa roketi na sitamsamehe Hergé wa Kongo. Kalamu ni ileile, na mtoto anayesoma vitabu vyote viwili anajiuliza kimoyomoyo: mimi niko kwenye kipi?

Na yanatuhusu tatu, hapa nataka mnipe masikio yenu yote, kwa sababu hadithi ya namna hiyo imeshaandikwa, na mahali pake ni Burundi.

Mmarekani Saul Williams, mshairi na mwanamuziki, alibuni mradi mmoja wa matawi matatu: albamu ya muziki, kitabu cha katuni na mchezo wa muziki wa jukwaani. Albamu, MartyrLoserKing, ilitoka Januari 2016. Mchezo uligeuka filamu, akaiongoza pamoja na Anisia Uzeyman wa Rwanda: Neptune Frost, iliyoonyeshwa Cannes Julai 2021. Hadithi inafanyika kwenye vilima vya Burundi. Kijana mchimba koltani anamwona ndugu yake akiuawa mgodini kwa kuwa alisimama kidogo kulitazama jiwe aliloling'oa. Anakimbia. Anakutana na wengine waliokimbia, wanajenga kijiji kwa takataka za kompyuta, na kutoka kijijini mle wanaingilia mitambo ya dunia nzima. Jina la kijana huyo ni Matalusa. Litamkeni polepole mtasikia limetoka wapi.

Jiwe lile si la kubuni. Kabarore, katika uliokuwa mkoa wa Kayanza, watu wanalichimba. Ndani yake mna tantali, na tantali imo katika vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme ndani ya simu mlizonazo mifukoni sasa hivi. Wanaotunga sayansi ya kubuni kwingineko huhangaika kutafuta sayari yenye madini ya ajabu. Sisi tunaishi juu yake.

Filamu haikupigwa hapa. Machafuko ya 2015 yalifunga mlango huo, ikapigwa Rwanda. Anayeigiza Matalusa ni msanii wa Burundi, Bertrand Ninteretse, anayejulikana kama Kaya Free. Ndani ya filamu husikika Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, wakati mwingine katika mazungumzo ya watu wawili tu, kama tunavyozungumza sisi mtaani Bwiza. Cedric Mizero aliwavika waigizaji mavazi ya nyaya, vibonye vya kompyuta na magurudumu ya baiskeli. Nilipoyaona magurudumu yale mgongoni mwa mtu nilisogea mbele kitini. Ninyi mnajua kwa nini. Mmewaona vijana wanaoteremka kutoka Bugarama na mikungu ya ndizi nyuma ya baiskeli, breki za kiatu, ukungu ukiwa bado barabarani. Mmewaona wakipanda tena wameshika nyuma ya lori. Nani kati yetu aliyefikiri kuwachora kama wasafiri wa angani? Na wao ndio, hasa.

Linaloniuma ni hili. Filamu ile ilipokuwa njiani, sikukuta ligala hata moja, yaani kijiwe cha vijana, mjini humu iliyokuwa ikibishana juu yake. Nilipita Buyenzi, nilipita Bwiza. Vijana walikuwa wanabishana juu ya Marvel, nani atarudi na nani amekufa kweli. Hadithi ya kilima chao ilikuwa inakuja, na hapakuwa na aliyekosa usingizi. Siwalaumu. Hawakuwahi kushika ukurasa wake. Hakuna jioni waliyokaa chini ya taa wakaufungua mlango wa Matalusa kwa mikono yao, kwa hiyo skrini haikuwa na chochote cha kuwatimizia wala cha kuwanyang'anya. Filamu bila ukurasa kabla yake inakuja kama mgeni. Unamkaribisha, unamsikiliza, anaondoka, na hakuna aliyegombana naye.

Nami nataka tugombane. Nataka Bujumbura iwe na watu wenye haki ya kulalamika.

Haki hiyo haihitaji yuro milioni 197. Léonce Ngabo alipotengeneza Gito l'ingrat, 1992, filamu ndefu ya kwanza ya nchi hii, na alipoanzisha tamasha la FESTICAB, 2009, kila hatua ilidai kamera, umeme, leseni, wadhamini. Karatasi inadai penseli na subira. Ng'ambo ya ziwa hili, Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alichora na Christophe Cassiau-Haurie kitabu kiitwacho Madame Livingstone, juu ya vita vya Wabelgiji na Wajerumani Tanganyika na ile meli Graf von Götzen. Si sayansi ya kubuni, ni historia. Lakini ukikifungua unaona maji haya tunayoyaona tukitoka nje ya ukumbi huu, yamechorwa na mtu anayejua rangi yake saa kumi na moja jioni.

Na meli ile, wazee wanaijua, ndiyo Liemba. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Wapo humu walioipanda. Mei 2015 ilibeba ndugu zetu waliokimbilia Kagunga ikawafikisha Kigoma. Meli iliyokufa, ikafufuka, ikabeba waliofukuzwa na machafuko miaka 100 baada ya kujengwa: nionyesheni mtunzi wa Paris au California aliyebuni chombo cha angani chenye maisha kama hayo.

Siku za Jumamosi huwa nakaa na watoto kadhaa wanaopenda kuchora. Mmoja wao, mvulana wa miaka 12, amekuwa akiichora Liemba ya miaka mingi ijayo. Haigusi tena maji. Inakwenda juu ya ziwa kwa urefu wa mnazi, na nahodha wake ni mama mwenye kitenge kichwani na mkono mmoja wa chuma. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa na visanduku vinne. Katika cha mwisho mama yule amefika mbele ya mlango wa chumba cha injini, mkono wa chuma uko kwenye kitasa, na puto halina neno, kwa kuwa mchoraji alikuwa hajaamua atasema nini. Karatasi ikazunguka, kila mtoto akaitazama. Msichana mmoja mdogo, wa miaka tisa hivi, aliishika muda mrefu kuliko wengine, kisha akairudisha bila kusema.

Jumamosi iliyofuata alifika kabla ya wote, kabla hata sijafungua madirisha, akauliza kama ukurasa wa pili umekwisha. Alikaa mlangoni akingoja. Mvulana alipokuja na karatasi yake akaikunjua mezani, msichana aliinama, akatazama kisanduku cha kwanza, akainua uso.

"Siyo hivyo," akasema. "Mlango haukufunguka hivyo."